Kima Punju wa Jozani: Zamani "Mnyama wa Sumu", Leo Staa wa Selfi

Ukitoka Mjini na daladala ya Makunduchi au ya Jambiani, baada ya kilomita kama 35 hivi miti inaanza kufunga njia pande zote mbili. Hapo ndio Jozani. Wengi wanapita tu wakikimbilia ufukweni Paje. Wanaoshuka wanapiga selfi na kima mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizosimama kama katoka saluni, wanaposti, wanaondoka. Kumbe huyo kima ana stori nzito.

Kwanza, hapatikani kwengine kokote duniani kwa asili yake isipokuwa Zanzibar. Wazungu walimpa jina la kisayansi mwaka 1868 kutokana na John Kirk, daktari wa Kiskoti aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza hapa Unguja. Wenyeji walikuwa na jina lao zamani: kima punju, yaani kima wa sumu. Watu waliamini eti mbwa akimla ananyonyoka manyoya. Jina baya, lakini huenda lilimsaidia: nani anataka kula sumu?

Chui wa Unguja hakuwa na bahati hiyo. Yeye alihusishwa na wachawi, watu wakiamini kwamba wanamfuga na kumtuma. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaja kampeni ya kupambana na uchawi na kuua chui. Mwaka 2018 kamera ya kipindi cha televisheni ilinasa mnyama aliyedaiwa kuwa ndiye, lakini wataalamu wengi wanaamini ameshatoweka. Tofauti ya kima na chui ni ndogo tu: imani za watu.

Msitu wenyewe ulikatwa mbao miaka mingi kabla ya serikali kuufanya msitu wa akiba, na mwaka 2004 ukawa hifadhi ya taifa pamoja na mikoko ya Ghuba ya Chwaka. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 50 tu. Ukilinganisha na Serengeti ni kama kiwanja cha mpira.

Sasa ugomvi ulikuwa hapa: kima hasomi ramani. Anatoka msituni, anaingia shamba la mtu, anakula vidaka vya mnazi. Mkulima wa Pete, ambaye mnazi ndio ada ya skuli ya watoto wake, umwambie ampende huyo mnyama? Ndio maana sehemu ya pesa za watalii ikaanza kurudi vijijini, na wenye mashamba wanayotumia kima wakapewa fungu. Halafu utafiti uliotoka 1999 ukaleta maajabu: minazi iliyoliwa vidaka haikuonekana kupunguza mavuno. Vidaka vingi huanguka vyenyewe, na kima akipunguza vingine, vinavyobaki vinapata nafasi ya kukua.

Na hapo hujasikia habari ya makaa. Majani ya miembe na mikungu yana kemikali zinazosumbua tumbo, basi kima hawa huokota makaa wakayala ili kupunguza makali. Dawa ya tumbo bila ya kwenda duka la dawa!

Habari njema ni kwamba sensa iliyochapishwa miaka michache iliyopita ilikuta kima zaidi ya 5,800, kuliko mara tatu ya walivyodhaniwa. Habari mbaya: baadhi yao wanaishi nje ya maeneo yaliyohifadhiwa, kwenye vichaka vinavyogeuzwa viwanja na mahoteli. Na barabara ya lami inayokatiza msitu imewaua wengi mpaka yakawekwa matuta.

Kwa hiyo wikiendi hii ukielekea Paje, ukikuta tuta Jozani usimtukane aliyeliweka. Punguza mwendo. Ukishuka, piga picha kwa mbali, usimguse wala usimpe ndizi. Chui tumebaki naye kwenye hadithi. Kima bado tunaye.