Kiengua protini

Kiengua protini (pia: kiengua povu) ni kifaa kinachotumiwa kusafisha maji ya tangi la samaki wa baharini. Huondoa protini, mafuta na uchafu mwingine wa kikaboni kwa kuusomba juu ya viputo vya hewa mpaka uwe povu linalomwagikia kikombeni. Tofauti na kichujio cha kawaida, kiengua hutoa uchafu nje ya maji kabla haujaoza na kugeuka kuwa amonia, nitriti na nitrati.

Kanuni inayotumika inaonekana pia katika bahari yenyewe: mawimbi yanapovunjika, mabaki ya mwani na viumbe hukusanyika katika povu linaloachwa ufukoni.

Namna kinavyofanya kazi

Molekuli nyingi za uchafu wa kikaboni zina upande mmoja unaopenda maji na mwingine unaoyakimbia. Upande unaokimbia maji huelekea kwenye hewa, kwa hiyo molekuli hizo hung'ang'ania uso wa kiputo. Kadiri viputo vinavyokuwa vidogo na vingi, ndivyo eneo la kunasia uchafu linavyoongezeka.

Kiengua cha kawaida kina sehemu nne: pampu, bomba la hewa, chumba cha kuchanganyia maji na hewa, na shingo yenye kikombe juu yake. Katika aina nyingi za kisasa, impela ya pampu (kiini kinachozunguka) ina vijiti vingi vinavyokatakata hewa kuwa viputo vidogo. Aina za zamani zilitumia kipande cha mti chenye matundu madogo kilichopulizwa hewa.

Katika maji ya chumvi viputo haviungani kwa urahisi, hivyo hubaki vidogo. Katika maji baridi huungana upesi na kupasuka. Ndiyo sababu kifaa hiki hakifai sana kwa matangi ya kawaida ya maji baridi.

Kiengua pia huingiza oksijeni majini. Kinaposimama kwa muda mrefu katika tangi lenye samaki wengi, hatari ya kwanza mara nyingi ni samaki kukosa hewa, hasa usiku, kwa sababu mwani hautoi oksijeni gizani.

Hitilafu za kawaida

Kutotoa povu. Kiengua kipya huweza kukaa siku kadhaa hadi wiki mbili bila kutoa povu la maana, kwa sababu plastiki yake huwa bado na mabaki ya mafuta ya kiwandani. Kama kifaa kilikuwa kikifanya kazi kisha kikaacha, sababu zifuatazo hukaguliwa kwa mpangilio huu:

1. Njia ya hewa. Chumvi huganda mdomoni mwa bomba la hewa na kulipunguza. Kidole kikiwekwa kwenye mdomo huo kinapaswa kuhisi mvuto. Mvuto ukiwa dhaifu, maji ya uvuguvugu hupitishwa ndani ya bomba ili kuyeyusha chumvi.
2. Pampu. Chokaa, mchanga au konokono mdogo huweza kukwamisha impela. Dalili yake ni kelele mpya au viputo kupungua.
3. Kina cha maji. Maji yakipungua kwa mvuke, kiwango ndani ya kiengua hushuka na povu halifiki kwenye shingo.
4. Mafuta. Chakula chenye mafuta mengi, au mkono uliopakwa losheni, huvunja povu kwa saa kadhaa. Hali hii hupita yenyewe.
5. Uchafu mdogo. Tangi lenye samaki wachache huenda halina cha kuenguliwa. Hiyo si hitilafu.

Kufurika. Hapa kikombe hujaa maji mepesi badala ya uchafu mzito. Sababu za kawaida ni dawa ya kuondoa klorini, dawa za samaki, gundi mpya ya kubandikia matumbawe, mabaki ya sabuni, au maji kuzidi katika tangi la chini. Umeme ukikatika, maji ya tangi la juu hushuka. Ukirudi, kiengua huanza kazi kikiwa kimezama kuliko kawaida na huweza kufurika.

Kufurika kuna hatari zaidi palipo na kifaa cha kujaza maji baridi chenyewe. Maji ya chumvi hutoka kupitia kikombe, kifaa huyafidia kwa maji yasiyo na chumvi, na uchumvi wa tangi hushuka. Matumbawe na wanyama wasio na uti wa mgongo huathirika haraka. Kwa hiyo kifaa cha kujaza huzimwa kwanza, kisha kikombe huinuliwa au vali hurekebishwa, na uchumvi hupimwa kabla ya kuongeza maji yoyote. Maji ya bahari kwa kawaida huwa na gramu 35 hivi za chumvi kwa kila kilo moja.

Viputo ndani ya tangi la juu. Hutokea mara nyingi kifaa kikiwa kipya, au mdomo wake wa kutolea maji ukiwa karibu na pampu ya kurudisha maji. Kuta za kugawa tangi la chini, au sifongo inayooshwa mara kwa mara, huvizuia.

Marekebisho na usafi

Povu jepesi hutoa maji mengi ya rangi ya chai. Povu kavu hutoa uchafu mchache, mweusi na wenye harufu kali. Kila badiliko hufanywa kidogo, kisha kifaa huachwa kwa siku nzima kabla ya kukiguswa tena, kwani povu huchelewa kutulia. Kubadilisha vali, kina cha maji na pampu kwa pamoja huficha chanzo cha tatizo.

Shingo na kikombe huoshwa kila baada ya siku chache, kwa sababu utando wa mafuta ukutani huzuia povu kupanda. Sabuni haitumiwi. Pampu hufunguliwa kila baada ya miezi michache na kulowekwa katika siki iliyochanganywa na maji ili chokaa iyeyuke, kisha husuuzwa vizuri. Plagi huchomolewa kabla ya mkono kuingia majini, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi.

Samaki wanapotibiwa kwa dawa, kikombe huweza kuondolewa huku pampu ikiendelea kufanya kazi. Hivyo dawa haienguliwi na povu, na maji yanaendelea kupata oksijeni.