Suluhu

Bunduki zikinyamaza tu, vyombo vya habari hutangaza “suluhu”. Tunaharakisha. Kusitisha mapigano ni kuacha kupigana. Suluhu humaliza ugomvi wenyewe. (Watangazaji wa kandanda wameliazima neno kwa sare isiyo na mabao, nao siwalaumu.)

Vita Kuu ya Kwanza ilisitishwa Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Huku kwetu Afrika, kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck alisalimu amri tarehe 25, Abercorn, leo Mbala nchini Zambia. Hadi habari ilipomfikia, wapagazi walikuwa bado wanabeba mizigo ya vita iliyokwisha. Mkataba wa amani wa Versailles ulitiwa saini 28 Juni 1919, ukaanza kutumika 10 Januari 1920. Korea wamesitisha mapigano tangu 1953, bila mkataba wa amani. Hiyo tusiiite suluhu.