Westlands Hadi Industrial Area, Kupitia Angani

Mwaka wa 1999, ukimtumia mtu barua pepe kutoka ofisi ya Westlands kwenda Industrial Area, na nyinyi wawili mko na kampuni tofauti za intaneti, barua hiyo ilienda ng'ambo kwanza. Ilipanda hadi kwa setilaiti iliyo kilomita kama 36,000 juu ya ikweta, ikashuka Marekani au Ulaya, ikageuzwa huko, ikapanda tena, ndipo ikarudi Nairobi. Na safari yote ililipiwa kwa dola.

Niliacha chuo mwaka wa pili nikaanza kuandika makala za kulipwa. Intaneti ndiyo shamba langu. Bando likiisha, ni njaa. Labda ndiyo maana historia hii inanigusa kuliko ile ya Marekani tunayosimuliwa kila mara. Ile ni tamu, sikatai: tarehe 29 Oktoba 1969, mwanafunzi wa UCLA, Charley Kline, alijaribu kutuma neno LOGIN kwa kompyuta ya Stanford Research Institute. Zilifika herufi mbili tu, L na O, mitambo ikagoma. Lakini walijaribu tena usiku huohuo, na hakuna aliyekuja kuwauliza leseni.

Hapa kwetu, intaneti ilianza kuuzwa katikati ya miaka ya tisini. Kufikia mwaka wa 2000 kampuni zilikuwa nyingi, ila njia ya kwenda nje ilikuwa ya Telkom, shirika la serikali lililopewa ukiritimba kisheria. Kampuni hizo, kupitia chama chao TESPOK, zikaona ni ujinga kulipia safari ya ng'ambo kwa mzigo wa Nairobi kwenda Nairobi. Mwisho wa 2000 zikafungua KIXP. Usiwaze jumba kubwa. Waza swichi: kila kampuni inaleta waya wake, wanabadilishana mizigo hapo hapo, yameisha.

Telkom ikalalamika kwa CCK, wadhibiti wa mawasiliano enzi hizo, kwamba haki yake imevamiwa. Kwa wiki kama mbili tu swichi ikazimwa, eti haina leseni. Hapa huwa napandwa na hasira iliyochelewa, maana wakati huo mimi hata kusoma sikujua. Waya umeshavutwa, pesa zimeshatoka, halafu barua zinarudishwa angani kwa amri ya ofisi! Kampuni zilibishana karibu mwaka mzima kwamba mzigo wa ndani hauhusiani na ukiritimba wa mzigo wa nje. Leseni ikatoka mwishoni mwa 2001, na mapema 2002 KIXP ikawaka tena. Data iliyokuwa ikichukua zaidi ya sekunde nzima sasa ilifika chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Nyaya za baharini, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa 2009, na hiyo ndiyo sehemu watu wanakumbuka. Bila hizo singekuwa na wateja wa London. Ila nazo hukatika. Februari 2012 nanga ya meli ilikata TEAMS. Mei 2024 SEACOM na EASSy zikakatika huko kusini, Afrika Mashariki ikatambaa, na mimi nikawa natuma kazi saa tisa usiku ili faili lipite.

Sasa watu wanarudi angani. Starlink iliingia Kenya Julai 2023. Setilaiti zake ziko kilomita kama 550 tu juu, kwa hivyo kasi yake si ya 1999. Lakini hadi Januari 2025, ilipofungua kituo cha kuunganisha hapa Nairobi, data ya mteja wa hapa ilitolewa nje ya nchi kwanza. Safari ileile, mwenye njia tofauti: kampuni moja ya Marekani.

Jirani yangu ameweka dishi moja juu ya ploti na anawauzia wapangaji. Asiyelipa kufikia tarehe tano anakatwa. Mimi hulipa tarehe tatu.