Mtu Mzima Mwenye Usonji: Historia ya Kutoonekana

Kila ifikapo tarehe 2 Aprili, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kwa ajili ya kuelimishana kuhusu usonji, picha tunazoonyeshwa ni za watoto. Msomaji wa Mbeya au Iringa anaweza kudhani kwamba usonji ni maradhi ya utotoni yanayokwisha mtu akikua. Sivyo. Usonji ni namna ubongo unavyokua na kufanya kazi, na mhusika huishi nao hadi uzeeni. Basi watu wazima hao wamekuwa wapi miaka yote, nasi tumekuwa tukiwaitaje?

Jibu la kwanza limo katika maadili yetu. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951, Good Company, thamani ya ukwangala: kukaa pamoja, kula pamoja na kuzungumza kwa adabu. Hekima iliaminika kupatikana humo. Ni thamani njema, lakini ilikuwa na upande mkali, kwa kuwa aliyejitenga aliweza kushukiwa uchawi. Iringa nako, salamu ya Kamwene hufuatwa na kujuliana hali kwa kirefu, na anayeikatisha huonekana hana malezi. Kwa mtu ambaye kelele za watu wengi humuumiza, na ambaye husema jambo bila kulizungusha, desturi hizi ni mtihani wa kila siku. Majirani hawakuona tofauti ya ubongo. Waliona kiburi, laana au kurogwa. Tena kwetu kijana kuinamisha macho mbele ya mzee ni heshima, hivyo dalili inayotajwa sana katika vitabu vya Ulaya na Marekani, ya kukwepa kutazamana, hupita bila kutambuliwa.

Jibu la pili limo katika historia ya elimu. Shule ya wasioona ya Buigiri ilianza mwaka 1950, ya viziwi Tabora mwaka 1963, na elimu ya watoto wenye ulemavu wa akili mwaka 1982. Elimu ya wenye usonji ilisubiri hadi mwaka 1994, nayo ilianzia Dar es Salaam. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza Tukuyu au Kilolo mwaka 1977, ulipoanza mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, akiwa na miaka 7, alikuwa na miaka 24 kabla darasa la kwanza la namna hiyo halijafunguliwa. Leo amevuka 50. Yumkini ameitwa zezeta, bubu au mjeuri, na hajawahi kupimwa.

Kwamba maisha mengine yanawezekana, tunao ushahidi. Leo Kanner alipochapisha makala yake ya mwaka 1943 kuhusu watoto 11, wa kwanza kuelezwa alikuwa Donald Triplett wa mji mdogo wa Forest, Mississippi, nchini Marekani. Alifanya kazi benki, akaendesha gari, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Ni kweli familia yake ilikuwa na mali. Lakini pia mji wake ulimzoea jinsi alivyo, na kuzoeana hakuhitaji mali.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, kisha ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Ndugu zangu watumishi wa umma, sheria hii haiwezi kumfikia mtu ambaye usaili humkata kwa sababu tu hakuchangamka. Mpeni maswali kwa maandishi, mpeni chumba kitulivu, mpimeni kwa kazi. Nanyi wanafunzi wa historia, rudini vijijini mkawaulize wazee juu ya yule aliyependa kukaa peke yake. Wengi wao bado wako hai, na ukwangala usiowaachia nafasi haujatimia.