Kwenzi: Familia ya buluu katika mgunga wa uani

MVUA za kwanza zinaponyesha Bariadi, na wakulima wa pamba wa Mkoa wa Simiyu wanapoanza kutia mbegu ardhini, kuna ujenzi mwingine unaoanza kimya kimya katika nyua za wakazi wa mji huo. Ujenzi huo hauhitaji saruji wala kibali cha halmashauri. Mafundi wake ni ndege wadogo wenye mgongo wa buluu inayong'aa, na mali ghafi yao ni nyasi kavu, vijiti vya miiba na manyoya yaliyookotwa.

Ndege hao ni kwenzi, ambao baadhi ya watu huwaita kuzi. Aina inayozungumzwa hapa ni ile ambayo wanasayansi huiita Lamprotornis superbus. Inapatikana kuanzia Ethiopia na Somalia, kupitia Kenya na Uganda, hadi Tanzania. Wageni wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyopakana na Simiyu, humwona akiokota makombo karibu na meza za chakula. Mkazi wa Bariadi hahitaji kulipa kiingilio ili kumwona, kwani ndege huyu hawaogopi watu na hupenda kutafuta chakula ardhini karibu na makazi yao.

Pamoja na ukaribu huo, ni wachache wanaofahamu kinachotendeka ndani ya kiota chake. Kutokana na kutofahamu, mti wenye kiota hukatwa, au makinda huguswa na kuhamishwa, pasipo mtu kukusudia ubaya wowote.

Jinsi ya kumtambua

Kwenzi huyu ana urefu wa takriban sentimita 18, kuanzia ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia. Kichwa chake ni cheusi, mgongo na kifua ni vya buluu iliyochanganyika na kijani, na tumbo lina rangi ya kutu. Kati ya kifua na tumbo hupita mstari mwembamba mweupe, mfano wa mshipi. Macho yake ni meupe. Dume na jike hufanana, kiasi kwamba mtazamaji wa kawaida hawezi kuwatenganisha.

Mstari huo mweupe ndio alama ya kushika. Kwenzi wa Hildebrandt, anayefanana naye sana, hana mstari huo na macho yake ni mekundu. Kwenzi wa Rüppell naye ana mkia mrefu na mwili wote wa rangi iliyokoza. Kinda aliyetoka kiotani karibuni hutambulikana kwa rangi iliyofifia na macho ya kahawia.

Jambo la kushangaza ni kwamba buluu hiyo haitokani na rangi iliyomo katika unyoya. Ndani ya unyoya kuna chembe ndogo mno za melanini, kitu kile kile kinachoifanya nywele kuwa nyeusi, zilizopangwa kwa tabaka. Mwanga unapogonga tabaka hizo huakisiwa kwa namna ambayo jicho huona buluu au kijani. Ndiyo maana ndege huyo huyo huonekana mweusi akiwa kivulini na kumeta akiwa juani.

Kiota cha miiba

Kwenzi hujenga kiota chenye umbo la mpira, kilichofunikwa juu na chenye mlango wa pembeni. Kwa macho ya binadamu hukosa unadhifu, lakini mahali kilipo huchaguliwa kwa makini. Migunga na miti mingine ya miiba hupendelewa zaidi, kwa kuwa miiba humzuia adui anayepanda mti. Mara nyingine kwenzi hutumia kiota kilichoachwa na ndege wengine, au tundu katika mti.

Kwa kawaida jike hutaga mayai yapatayo manne, yenye rangi ya buluu na kijani kisichokolea. Jike peke yake ndiye huatamia, na mayai huanguliwa baada ya wiki mbili hivi. Makinda huzaliwa wakiwa uchi na vipofu, na hukaa kiotani kwa takriban wiki tatu kabla ya kuruka.

Hesabu hiyo ina maana kubwa kwa mwenye nyumba. Tangu yai la kwanza hadi kinda la mwisho kuondoka, kinachohitajika ni wiki tano hadi sita. Mti uliopangwa kukatwa ili kupisha ukuta unaweza kusubiri muda huo, na mwenye ukuta asipate hasara kubwa.

Mkono mmoja haulei mwana

Mtu anayeketi kibarazani asubuhi na kutazama kiota chenye makinda huenda akadhani amekosea kuhesabu. Ndege wa kwanza huja na panzi, wa pili na kiwavi, wa tatu huja na mchwa, kisha wa nne. Hajakosea. Kwenzi hawa huishi katika makundi, na mara nyingi baba na mama husaidiwa na ndege wengine wa kundi kulisha makinda na kulinda kiota. Wahenga waliposema mkono mmoja haulei mwana, walikuwa wakiwazungumzia binadamu, lakini msemo huo unamfaa kwenzi pia.

Tabia hii imechunguzwa kwa kina katika Kituo cha Utafiti cha Mpala, kaunti ya Laikipia nchini Kenya, na kundi la wanasayansi linaloongozwa na Dustin Rubenstein wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani. Mwaka 2007, Rubenstein na mwenzake Irby Lovette walionyesha kwamba miongoni mwa jamii ya kwenzi wa Afrika, tabia ya kulea kwa kusaidiana imeenea zaidi kwa wale wanaoishi katika mbuga ambako mvua haitabiriki. Mwaka wa neema, kundi hulea makinda wengi. Mwaka wa ukame, wasaidizi ndio wanaowezesha angalau baadhi yao kuishi.

Mkulima wa Maswa au Meatu hatahitaji maelezo marefu kuelewa jambo hilo. Mvua ikichelewa, anayenusurika ni yule mwenye ndugu na majirani.

Mwaka 2025, watafiti hao walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi wa miaka 20, kuanzia mwaka 2002 hadi 2021, uliojumuisha misimu 40 ya kuzaliana. Waligundua kwamba ingawa kwenzi hupendelea kuwasaidia ndugu zao, huwasaidia pia wasio ndugu, na kwamba aliyesaidiwa msimu mmoja anaweza kumsaidia mfadhili wake miaka kadhaa baadaye. Kwa lugha ya Kiswahili, fadhila hulipwa.

Maadui na walinzi

Licha ya ushirikiano huo, viota vingi vya kwenzi hushindwa kutoa kinda hata mmoja. Sababu kubwa ni kuliwa kwa mayai na makinda. Nyoka na ndege wala nyama ni miongoni mwa maadui hao, na karibu na nyumba za watu huongezeka paka.

Kwenzi hujitetea kwa sauti. Ana mlio mmoja wa hatari kwa adui wa ardhini na mwingine kwa ndege wala nyama wa angani. Watafiti Dorothy Cheney na Robert Seyfarth, waliofanya kazi Amboseli nchini Kenya, walionyesha kwamba hata tumbili wameijua lugha hiyo. Waliposikilizishwa mlio wa kwenzi wa hatari ya angani, tumbili walitazama juu; waliposikia ule wa adui wa ardhini, walielekea kukimbilia mitini. Mkazi wa Bariadi akisikia kelele za ghafla kutoka katika mgunga wake, afahamu kwamba huenda kuna mgeni asiyekaribishwa.

Pamba, sumu na mti

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, unaongoza kwa kilimo cha pamba nchini. Mkulima wa pamba hupambana na funza wa vitumba, vidukari na chawajani, na silaha yake ya kawaida ni viuatilifu. Kwenzi naye, hasa wakati wa kulea, hutegemea wadudu. Kiwavi aliyenyunyiziwa dawa hufa polepole, na mdudu anayetambaa kwa udhaifu ndiye rahisi kukamatwa na kupelekwa kiotani.

Hapa hakuna anayemtaka mkulima aiache pamba yake iliwe. Linalowezekana ni kunyunyiza pale tu wadudu wanapofikia kiwango cha kudhuru zao, kufuata vipimo vilivyoandikwa kwenye kibandiko, na kutomwaga mabaki ya dawa uani au karibu na maji. Hatua hizo humlinda mtoto wa nyumbani kabla hazijamlinda kinda wa ndege.

Kuhusu miti, mkoa huu una historia ya kujivunia. Bariadi, Maswa na Meatu zilipokuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, uliendeshwa kuanzia mwaka 1986 hadi 2004. Mradi huo uliufufua utaratibu wa Wasukuma wa kutenga ngitili, yaani malisho yanayofungwa ili majani na miti vipate kupona. Mwaka 2002 jitihada hizo zilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Uani wenye mgunga mmoja na ua wa minyaa ni ngitili ndogo ya mjini.

Namna ya kutazama

Anayetaka kufuatilia kiota hahitaji vifaa vya gharama. Darubini ikiwepo inasaidia, lakini dirisha au kibaraza kinatosha. Wataalamu wa ndege husisitiza mambo yafuatayo:

Kwanza, kaa mbali. Ndege akiacha kuingia kiotani na kubaki akipiga kelele, umekaribia mno, rudi nyuma.

Pili, usikate matawi ili kuona vizuri. Tawi lililokuzuia wewe linamzuia pia mwewe.

Tatu, makinda wakishaota manyoya, usikisogelee kiota kabisa. Wakishtuka wanaweza kuruka kabla ya wakati na kuishia ardhini.

Nne, ukikuta kinda aliyeanguka akiwa bado uchi, mrudishe kiotani taratibu. Dhana kwamba mama humkataa kinda aliyeguswa na binadamu haina ukweli. Kinda mwenye manyoya mwache, au muweke juu ya kichaka kilicho karibu, kisha uwazuie paka na watoto. Wazazi wake wanaendelea kumlisha.

Tano, weka kumbukumbu. Andika tarehe kiota kilipoanza kujengwa, siku chakula kilipoanza kuletwa, na idadi ya ndege wanaolisha. Ni somo zuri kwa mwanafunzi.

Aidha, ikumbukwe kwamba Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kukamata wanyamapori bila kibali. Kumfunga kwenzi katika tundu kwa sababu ya uzuri wake ni kosa.

Somo kutoka Marekani

Kwa sasa kwenzi huyu hayumo katika hatari ya kutoweka. Hata hivyo, historia ya ndege wa buluu wa Amerika ya Kaskazini inaonya. Ndege huyo alipungua sana katika karne ya 20, baada ya miti yenye matundu kukatwa na ndege wa kigeni kumnyang'anya viota. Miongoni mwa wavamizi hao alikuwa binamu wa kwenzi kutoka Ulaya, aliyeachiliwa jijini New York mwaka 1890. Mwaka 1978 Lawrence Zeleny alianzisha chama cha kumtetea, na maelfu ya wananchi wakaweka masanduku ya viota katika nyua zao. Ndege huyo amerejea.

Kwenzi wa Bariadi haombi sanduku. Miiba anayo, na wasaidizi wa kulea anao. Anachomhitajia binadamu ni mti uliosimama na subira ya wiki sita.