Giaboksi ya Basi la Shule: Historia ya Chombo na Masuala ya Istilahi

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya chombo kimoja cha gari, yaani giaboksi, na kuonyesha jinsi historia hiyo inavyoweza kumsaidia mfasiri kuchagua maneno. Mfano tuliouchagua ni wa mabasi ya shule ya Marekani ambayo, baada ya kustaafu, hugeuzwa kuwa nyumba za kusafiria. Wenyewe huyaita kwa jina la kimapenzi ambalo masikioni mwa Mzanzibari husikika kama "skuli" tu. Katika mabasi hayo giaboksi hutengenezwa na kubadilishwa mara kwa mara, na kila anayeishughulikia hulazimika kujua tofauti ambazo dereva wa kawaida hazimhusu. Tofauti hizo ndizo zinazodai istilahi.

Yaweza kuulizwa: Mswahili ana haja gani na basi la shule la Marekani? Jibu ni kwamba vitabu vya maelekezo ya mitambo hutufikia kutoka nchi zote, navyo hufasiriwa. Neno likikosewa katika hadithi, msomaji hukunja uso; likikosewa katika maelekezo ya mtambo, mtambo huvunjika, na pengine mtu huumia.

2. Basi na maisha yake ya pili

Mwaka 1927, Albert Luce, mwuzaji wa magari ya Ford katika mji wa Fort Valley, jimbo la Georgia, alitengeneza bodi ya basi kwa kutumia chuma badala ya mbao. Kutokana na kazi hiyo kilizaliwa kiwanda cha Blue Bird. Mnamo Aprili 1939, Profesa Frank Cyr wa Teachers College, Chuo Kikuu cha Columbia, aliitisha mkutano mjini New York ili kuweka viwango vya mabasi ya shule kwa nchi nzima. Huko ndiko ilikochaguliwa rangi ya manjano inayojulikana hadi leo.

Basi lililojengwa imara namna hiyo halikuwa tayari kufa pale shule ilipoliacha. Mwaka 1964 mwandishi Ken Kesey na wenzake walisafiri kutoka California hadi New York katika basi la International Harvester la mwaka 1939, ambalo tayari lilikuwa limewekewa vitanda. Miaka michache baadaye, msafara wa Stephen Gaskin uliondoka San Francisco ukiwa na makumi ya mabasi, na mwaka 1971 wasafiri wake wakaweka makazi karibu na Summertown, jimbo la Tennessee. Tangu hapo desturi hiyo haijakoma.

Basi la shule hupangiwa kazi ya kwenda mwendo mfupi, kusimama na kuondoka tena. Likigeuzwa kuwa nyumba hubebeshwa jiko, matangi ya maji na vitanda, kisha likatakiwa kupanda milima na kwenda kasi kwa saa nyingi. Injini huweza kuyastahimili hayo. Giaboksi mara nyingi hushindwa.

3. Giaboksi ya mkono na maneno yake

Injini ya mwako haina nguvu ya kutosha inapozunguka polepole. Kwa hiyo panahitajika chombo kati yake na magurudumu, cha kupunguza mzunguko na kuzidisha nguvu ya kuzungusha. Katika miaka ya 1890 kampuni ya Panhard et Levassor ya Ufaransa iliweka mpango uliokuja kuigwa duniani: injini mbele, kisha klachi, kisha giaboksi, na nguvu kupelekwa magurudumu ya nyuma. Kubadili gia kulihitaji ustadi, kwani meno yaliyozunguka kwa kasi tofauti yaligongana. Mwaka 1928 magari ya Cadillac yalianza kutumia uvumbuzi wa Earl Thompson wa kuzilinganisha kasi hizo kabla meno hayajakutana.

Maneno ya chombo hiki yaliingia katika Kiswahili pamoja na magari yenyewe: gia, giaboksi, klachi, shafti. Hayakuletwa na kamati. Yaliletwa na madereva na mafundi, yakatiwa irabu mwishoni na kufuata sarufi yetu. Leo twasema kutia gia, kukanyaga klachi, kushusha giaboksi. Kubadili gia angani umekuwa msemo wa mtu anayegeuza msimamo ghafla. Neno lililokwisha kuzaa msemo si mgeni tena.

4. Giaboksi ya otomatiki

Asili ya giaboksi ya otomatiki imo baharini. Mwaka 1905 Mjerumani Hermann Föttinger alipata hataza ya kupitisha nguvu kwa njia ya kimiminiko, kwa ajili ya meli ambazo tabo zake za mvuke zilizunguka kwa kasi isiyoifaa rafadha. Gurudumu moja lenye mapanga husukuma kimiminiko, nacho husukuma gurudumu la pili. Vyuma viwili havigusani.

Katika magari, wazo hilo lilitokea kwa sura mbili ambazo mfasiri hana budi kuzitenganisha. Giaboksi ya Hydra-Matic, iliyowekwa katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, ilitumia chombo kinachopitisha nguvu bila kuizidisha. Ile ya Dynaflow, ya magari ya Buick ya mwaka 1948, ilitumia chombo chenye mapanga ya tatu katikati, ambayo huelekeza upya mkondo wa kimiminiko na hivyo kuzidisha nguvu ya kuzungusha gari linapoondoka.

Sura hii ya pili ndiyo iliyotumiwa na kiwanda cha Allison cha Indianapolis katika giaboksi zake za magari makubwa. Mojawapo, yenye alama AT545, ilienea mno katika mabasi ya shule. Ina gia nne, na ile ya nne hupitisha mzunguko bila kuupunguza wala kuuongeza. Lakini haina klachi ya ndani ya kuyafunga magurudumu mawili ya kimiminiko yazunguke kama kitu kimoja. Basi likiwa safarini, gurudumu la pili huzunguka nyuma kidogo ya la kwanza, na tofauti hiyo hugeuka joto. Mlimani joto huzidi. Mteremkoni injini haisaidii breki ipasavyo. Kwa basi la kijijini hayo yalivumilika. Kwa nyumba yenye magurudumu ni hasara na hatari, ndiyo maana wengi huiondoa na kuweka MT643, ambayo ni kubwa zaidi na ina klachi hiyo ya kufunga.

5. Kazi yenyewe na mitego ya tafsiri

Tuitazame kazi, kwa kuwa istilahi hupimwa kazini. Kwanza magurudumu huwekewa vizuizi, betri hukatwa, oili humwagwa. Propela shafti hufunguliwa, pamoja na mabomba yapelekayo oili kupozwa. Kisha bolti zinazokifunga chombo cha kimiminiko kwenye sahani nyembamba iliyo nyuma ya injini hufunguliwa, na giaboksi hushushwa kwa jeki. Mara nyingi aliyejenga nyumba ndani ya basi ameshaufunika mlango wa sakafuni kwa kitanda au kabati, na kazi yote hufanywa kwa chini.

Giaboksi mpya ikiwa ndefu kuliko ya kwanza, shafti hukatwa na kusawazishwa upya. Mabomba ya kupozea lazima yasafishwe, kwani vipande vya chuma vya giaboksi iliyokufa vikibaki humo huiua na mpya. Tena chombo cha kimiminiko hakina budi kusukumwa mpaka kikae kabisa katika pampu kabla ya bolti kukazwa. Kisipokaa, pampu huvunjika.

Hapa mitego mitatu yajitokeza. Wa kwanza ni neno "transimisheni". Mmarekani hulitumia kwa giaboksi yenyewe. Mwingereza aweza kulitumia kwa mfumo mzima, kuanzia klachi hadi difu. Anayeandika "badilisha mfumo wa kupeleka nguvu" pale Mmarekani alipotaja giaboksi humwamuru fundi ashushe nusu ya gari.

Wa pili ni neno "mafuta". Kwa wengi, mafuta ya gari ni yale yanayochomwa na injini, na ya kulainisha ni oili. Katika giaboksi hizi oili hupimwa injini ikiwa inanguruma na breki ya mkono imefungwa, hali oili ya injini hupimwa injini ikiwa imezimwa. Sentensi "pima mafuta injini ikiwa inanguruma" yaweza kueleweka kwa namna tatu, na mbili kati yake ni makosa.

Wa tatu ni kuita giaboksi ya otomatiki "inayojiendesha". Kinachojiendesha ni gari lisilo na dereva. Giaboksi hujibadilia gia tu.

6. Mapendekezo na hitimisho

Yafuatayo yanatolewa ili yajadiliwe. "Giaboksi" libaki kwa chombo chenyewe, na "mfumo wa kupeleka nguvu" litumike kwa mkusanyo mzima. Pawe na "giaboksi ya mkono" na "giaboksi ya otomatiki". Chombo kinachopitisha nguvu bila kuizidisha kiitwe "kiungo cha oili", na kinachoizidisha kiitwe "kikuza-nguvu cha oili". Klachi iliyomo ndani yake iitwe "klachi ya kufunga". Neno "mafuta" likiwa peke yake liepukwe katika maelekezo ya giaboksi.

Utaratibu uliozoeleka wa kuunda istilahi hututaka tutafute kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, ndipo tuende mbali zaidi. Utaratibu huo ni mwema, ila yafaa ikumbukwe kwamba gereji nayo imo ndani ya Kiswahili. Fundi aliyelala chini ya gari ameshatatua sehemu kubwa ya tatizo letu kabla hatujaketi mezani. Pale alipokwisha kutenganisha, kama oili na mafuta, tusichanganye. Na pale ambapo kazi bado haijamlazimisha kutenganisha, kama kiungo na kikuza-nguvu, hapo ndipo penye wajibu wetu.