Milangoni mwa Hill End

Ukitoka Bathurst, katika jimbo la New South Wales nchini Australia, ukashika njia ya milimani kuelekea kaskazini, unafika Hill End. Siku hizi ni kijiji kidogo chenye nafasi tupu kati ya nyumba na nyumba. Mwaka 1872 palikuwa na maelfu ya watu, maduka yamebanana kandokando ya Clarke Street, na kilima cha Hawkins kimetobolewa mashimo na wasaka dhahabu. Kabla ya vurugu hizo kuanza mwaka 1851, nchi hiyo ilikuwa ya Wawiradjuri.

Mpiga picha Beaufoy Merlin aliingia hapo na msaidizi wake kijana, Charles Bayliss. Desturi yao ilikuwa kupiga picha nyumba moja baada ya nyingine, wenyewe wakiwa wamesimama mlangoni, kisha kuwauzia nakala. Ilikuwa kazi ya haraka: kioo kilipakwa dawa, kikatumbukizwa kwenye kamera kingali kibichi, na picha ikatolewa kabla hakijakauka.

Tazama picha ya bucha moja. Kuta ni za magome ya miti, na paa, la magome vilevile, limekandamizwa kwa magogo lisipeperuke. Nyama inaning'inia nje. Mwenye duka kakaza uso, maana lazima atulie tuli kwa sekunde kadhaa. Watoto wamejitahidi. Mbwa hakuweza, kaacha ukungu tu wenye miguu. Ukiikuza picha hiyo unaona hata viraka vya suruali. Hakuna kitabu cha hesabu za mgodi kitakachokupa hayo.

Tarehe 19 Oktoba 1872, mgodi wa Star of Hope ulitoa pande la mwamba na dhahabu lenye uzito wa kilo 286, karibu kimo cha mtu. Mmoja wa wenye mgodi, Bernhardt Holtermann, mhamiaji kutoka Ujerumani, alitajirika, na sehemu ya utajiri huo akawapa Merlin na Bayliss waendelee na kazi. Merlin alifariki mwaka 1873, Bayliss akaendelea. Picha mashuhuri ya Holtermann akiwa ameshika pande lile iliungwa kwa picha tofauti, hakupigwa picha nalo. Kwangu mimi, picha ya yule mwenye bucha ina thamani zaidi kuliko hiyo.

Dhahabu ilipopungua watu walihama, na vile vioo vikasahaulika. Mwaka 1951 Keast Burke, mwandishi wa masuala ya upigaji picha, alivifuatilia hadi kwenye kibanda cha bustani huko Chatswood, Sydney: vioo kama 3,500, vimepangwa ndani ya masanduku. Sasa viko katika maktaba ya jimbo, na mwaka 2013 viliingizwa katika orodha ya Australia ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO. Hata hivyo, wengi waliosimama milangoni hawajulikani majina.

Nasi Afrika Mashariki tulikuwa na miji yetu ya dhahabu: Chunya kwenye machimbo ya Lupa, na Kakamega mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kama kwenu kuna picha ya babu au bibi aliyepita huko, usiiache sandukuni bila maelezo. Muulize mzee aliyebaki, andika nyuma ya picha kwa penseli jina, mahali na mwaka, na ufanye hivyo wiki hii.